Final Fantasy X: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mapigano na Ukuaji wa Wahusika

Gemu hii ilitoka Japani mwaka 2001 kwenye PlayStation 2, na mpaka leo wapo wanaoianza upya kupitia toleo la HD. Maswali yao hufanana sana, hasa yale yanayoulizwa kwa hasira baada ya bosi kumpiga mtu mara ya nne. Nimeyakusanya hapa. Hadithi nimejitahidi kutoifichua, ila majina ya mabosi wachache hayaepukiki. Kama hata hayo hutaki kuyajua, ishia kwenye swali la Aeon, wale viumbe wanaoitwa kupigana.

Mapigano yake yanaendaje? Nimezoea gemu ambazo adui hasubiri.

Humu anasubiri. Tangu Final Fantasy IV ya mwaka 1991, mfululizo huu ulikuwa unatumia mfumo ambao saa inaendelea kutembea, nawe ukichelewa kuchagua amri, adui hana habari, anapiga. Katika ya kumi, Toshiro Tsuchida aliyesimamia mapigano aliiondoa saa. Mfumo wake unaitwa CTB: zamu ya mhusika wako ikifika, dunia nzima inasimama mpaka uamue. Unaweza kwenda kunywa maji, ukarudi, ukamkuta bosi bado ameinua mkono.

Wengi husikia hivyo wakadhani gemu ni rahisi. Si rahisi. Imekuondolea haraka, ikakuachia hesabu.

Ile orodha ya sura upande wa kulia juu ni ya nini?

Hiyo ndiyo gemu yenyewe. Ninayeona anateseka, tisa kwa kumi ni mtu anayeitazama kama pambo.

Orodha inaonyesha nani atacheza sasa, nani atafuata, na nani baada yake. Kinachoifanya iwe ya thamani ni kwamba inabadilika kabla hujathibitisha. Weka kishale juu ya amri, usibonyeze, tazama orodha: sura zinapanda na kushuka. Kila tendo lina uzito wake. Kutumia dawa humrudisha mhusika kwenye foleni mapema kuliko kupiga kwa silaha, na Quick Hit, mbinu ya Tidus ambaye ndiye mhusika mkuu, nayo humrudisha mapema kuliko pigo la kawaida. Shambulio zito humchelewesha.

Chukua mfano. Yuna, mponyaji wa kikosi, yupo kwenye zamu yake, Auron, mpiga upanga, amebakiwa na HP (uhai) kidogo, na orodha inasema bosi atacheza mara mbili kabla Yuna hajarudi. Mchezaji wa mashaka atamtibu Auron, bosi ampige mara mbili, na dawa yote iwe imekwenda bure. Aliyeisoma orodha atamweka kando Auron zamu yake ikifika na kumwingiza mzima, au atampa Tidus kazi ya kumwongezea Auron kasi kwa Haste, au atatumia Delay Attack kumrudisha bosi nyuma ya foleni, kama bosi huyo hana kinga nayo. Hapo hakuna aliyeongezewa nguvu. Kilichobadilika ni mpangilio wa zamu tu.

Ndiyo maana huwa nasema kwamba katika gemu hii mali yako kubwa si HP wala fedha za Gil. Ni zamu. Kila swali lililobaki kwenye ukurasa huu linarudi hapo kwa njia moja au nyingine.

Nina wahusika saba lakini wanaopigana ni watatu. Nichague watatu gani?

Usichague. Hili ndilo kosa linaloletwa na mazoea ya gemu nyingine, ambamo unaunda kikosi chako cha wapenzi na kuwasahau wengine.

Hapa, mhusika akiwa kwenye zamu yake, unabonyeza L1 na kumbadilisha na yeyote aliye nje, na yule anayeingia anacheza papo hapo. Mabadiliko hayali zamu. Ni bure kabisa. Kwa hiyo watatu walioko mbele si kikosi chako. Ni mikono mitatu iliyonyooshwa kutoka kwenye mwili wa watu saba.

Maadui wa kawaida wametengenezwa kwa makusudi ili kila mmoja awe na mtu wake. Mbwa na mijusi wepesi wanaokwepa ni wa Tidus, kwa kuwa halengi akakosa. Ndege na vyote vinavyoruka ni vya Wakka na mpira wake. Wenye gamba gumu ni wa Auron, kwani silaha zake zina Piercing inayopenya gamba. Kimahri naye anayo. Wale flan, madonge ya uteute yanayocheka na panga, ni wa Lulu: barafu kwa wa moto, moto kwa wa barafu, umeme kwa wa maji, maji kwa wa umeme. Mashine ni za Rikku, ambaye akiiba kitu ndani ya mashine, mashine nzima inasambaratika. Sijachoka kulitazama jambo hilo. Yuna anatibu, na zaidi ya kutibu ana Aeon.

Sasa sehemu ya ukuaji. Kila aliyefanya tendo hata moja na akamaliza pambano akiwa hai anapata AP (pointi za ukuaji) zote, hazigawanywi kwa idadi ya watu. Ukiingiza watatu, kila mmoja anapata kiasi kile kile. Ukiingiza saba, vivyo hivyo. Tendo lenyewe linaweza kuwa Defend tu kwa kitufe cha pembetatu. Mtu anaingia, anajikinga, anatoka, amelipwa.

Je, ufanye hivyo kila pambano? Hapana, utachoka na kuichukia gemu. Fanya hivyo kwa mabosi, ambako AP ni nyingi, na kwa maadui wakubwa wa njiani. Mapambano madogo muache kila adui apigwe na mtu wake, hesabu itajisawazisha yenyewe.

Wanne walikuwa nje wazima kabisa, lakini watatu wa mbele walipokufa nikaambiwa nimeshindwa. Mbona?

Ndivyo ilivyo. Walio nje hawaingii wenyewe, na maiti haina zamu, kwa hiyo huwezi kumtoa aliyekufa mpaka umfufue. Ukibaki na mmoja mbele, zamu yake hiyo ni ya kufufua, si ya kulipiza kisasi.

Tahadhari moja zaidi: mhusika akigeuzwa jiwe kisha jiwe likavunjwa, ametoka kwenye pambano hilo moja kwa moja, hafufuki mpaka liishe. Beba Soft, dawa ya kuondoa jiwe, za kutosha, na mtibu aliyegeuka jiwe kabla hajaguswa tena.

Kwa nini hakuna leveli? Nitajuaje kama nimekua?

Leveli za kawaida hazipo. Kipo kitu kinaitwa Sphere Grid, na njia bora ya kukielewa ni kukifikiria kama mji wa vichochoro unaotazamwa kutoka juu. Kila mhusika amesimama kwenye kona yake. AP zikifikia kiwango fulani anapata S.Lv moja, nayo ni nauli ya hatua moja mbele. Ukirudi kwenye njia ambayo umeshapita na kuiwasha, S.Lv moja hukupeleka hatua nne.

Kutembea pekee hakumpi mtu nguvu. Kila kituo kinawashwa kwa tufe. Tufe la Power huwasha HP, Strength na Defense. Mana huwasha MP (akiba ya uchawi), Magic na Magic Defense. Speed huwasha Agility, Accuracy na Evasion. Ability huwasha ujuzi wowote, na Fortune huwasha Luck. Na tufe huwasha hata vituo vinavyopakana na pale uliposimama, kwa hiyo usikanyage kila kituo; simama katikati, washa vya pembeni, endelea. Wageni hupoteza S.Lv nyingi kwa kuingia kila kichochoro kisicho na mlango wa pili.

Matufe hayo hudondoshwa na maadui. Pigo la kummaliza adui likifikia kiwango kikubwa alichowekewa adui huyo, inaandikwa Overkill: AP zinaongezeka na vitu vinadondoka maradufu. Mara nyingi mtu anayelalamika kuwa ana S.Lv kumi na tano na hana tufe hata moja la Power ni yule anayewamaliza maadui kwa vipigo vidogo vidogo.

Kuhusu kujua kama umekua, hapa kuna siri ambayo gemu haikwambii. Madhara ya silaha yanakokotolewa kwa kipeo cha tatu cha Strength. Kabla ya ulinzi wa adui kupunguza, Strength ya 20 inatoa zaidi ya mara nne ya Strength ya 10, na 40 inatoa takriban mara saba ya 20. Ndiyo sababu Auron huonekana wa kawaida kwa muda mrefu halafu ghafla anakuwa balaa. Hakubadilika ghafla, hesabu ndiyo ilimfikia.

Agility ni kinyume chake. Inapanda kwa ngazi: unaweza kuongeza pointi mbili na foleni isibadilike hata kidogo, kisha ya tatu ikakuvusha ngazi na sura yako ikaruka mbele. Ngazi ya mwisho ni 170. Juu ya hapo Agility haikufupishii tena kusubiri zamu.

Mwanzoni naulizwa Standard au Expert. Tofauti ni nini?

Swali hilo halipo kwenye matoleo ya kwanza ya Japani na Marekani, lipo kwenye yaliyofuata, likiwemo la HD, na jibu lako halibadilishwi baadaye. Standard ina njia zilizochorwa: Lulu anazaliwa katika uchawi mweusi (wa kushambulia) na Yuna katika uchawi mweupe (wa kutibu), na hata ukifunga macho watafika wanakotakiwa. Expert inawaweka wote karibu na kitovu na kukuambia, haya, amua mwenyewe. Ina vituo vichache kidogo kwa jumla.

Mara ya kwanza chukua Standard. Nasema hivyo si kwa kukudharau. Njia zile zilichorwa na watu waliotaka ukuaji ufanane na tabia: kijana mwenye haraka anapewa kasi, mzee anayejua vita anapewa nguvu na ujuzi wa kumvunja adui ulinzi. Ukianza na Expert unaikosa lugha hiyo.

Kimahri nimpeleke wapi?

Njia yake ni fupi na iko katikati, na baada ya hapo anasimama njia panda kama mtu aliyetumwa bila kuambiwa anatumwa nini. Wengi humwacha afifie.

Jibu langu ni moja: tumia Lv. 1 Key Sphere ya mapema, tufe linalofungua kizuizi njiani, umfungulie njia ya Rikku. Atapata Steal (kuiba) na Use (kutumia vitu maalumu) muda mrefu kabla Rikku hajajiunga rasmi kwenye Moonflow, na wizi wa vitu ndani ya kipindi hicho unakuletea maguruneti na dawa zinazopunguza makali ya mabosi kadhaa. Rikku akishafika, muelekeze Kimahri kwa Auron au Tidus. Halafu usisahau Lancet: akiitumia kwa maadui fulani anajifunza mbinu zao, nazo ndizo Overdrive yake, yaani pigo maalumu linalotoka kipimo chake kikijaa. Usipoitumia, Overdrive yake inabaki maskini, kisha mtu analalamika kwamba Kimahri hafai.

Wengine wakimaliza njia zao?

Kwa kifupi: Yuna aingie njia ya Lulu. Magic yake huwa juu sana kufikia hapo, na akipata uchawi mweusi anakuwa mchawi hatari kuliko wengi wanavyotarajia. Tidus na Auron wabadilishane njia, kasi kwa nguvu. Wakka amfuate mmoja kati ya hao wawili. Rikku apelekwe popote penye Strength, kwani kasi anayo tayari. Lulu aingie kwa Yuna, ingawa nakiri kwamba wangu huwa anachelewa kufika.

Nimenunua silaha mpya ya bei kubwa, lakini madhara ni yale yale. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Silaha humu haziongezi nguvu ya kupiga jinsi ulivyozoea. Kinachozitofautisha ni uwezo ulioandikwa ndani yake, na idadi ya nafasi, ambazo hazizidi nne. Silaha yenye Piercing na Sensor ni bora kuliko yenye jina la kutisha lisilo na kitu. Sensor inakuonyesha HP na udhaifu wa adui. Mwanzoni hakikisha angalau mtu mmoja anayo.

Kuanzia Rikku anapojiunga unaweza kujaza nafasi tupu mwenyewe kwa vitu ulivyokusanya. Hapo silaha tupu yenye nafasi nne inageuka kuwa hazina, kwa hiyo acha kuuza kila kitu. Baadhi ya bei ni za kukatisha tamaa: Auto-Haste inataka Chocobo Wing 80, na Ribbon inataka Dark Matter 99. No Encounters ni nafuu zaidi, Purifying Salt 30, na itakuokoa siku unapotaka kuzunguka Spira, dunia ya gemu hii, kutafuta masanduku bila kushambuliwa kila baada ya hatua kumi.

Silaha na kinga vinaweza kubadilishwa katikati ya pambano, na tendo hilo halikuchelewesha sana kwenye foleni. Kinga inayozuia moto unaivaa pale unapoliona joka, huna haja ya kutembea nayo kutwa nzima.

Jambo dogo ambalo hakuna anayekuonya: chini ya maji wanapigana watatu tu, Tidus, Wakka na Rikku. Ukiwatelekeza wawili wa mwisho, sehemu iitwayo Via Purifico itakukumbusha. (Bosi wa huko ni mfu anayetembea. Mrushie Phoenix Down, dawa ya kufufua, mbili. Sina la kuongeza.)

Overdrive inajazwaje haraka?

Kila mtu huanza na Stoic, yaani kipimo kinajaa anapopigwa. Hiyo inawafaa Auron na watu wa mbele, ila kwa Lulu ni kumwambia mtu asubiri adhabu ndipo alipwe. Zipo aina 17 kwa jumla, na zinapatikana kwa kutenda: anayepiga sana hupata Warrior, anayetibu sana hupata Healer, anayeshuhudia wenzake wakiumizwa hupata Comrade. Kagua menyu mara kwa mara, kwani zikishapatikana hazijiwashi zenyewe.

Hapa napenda jinsi kila mmoja anavyokua kwa njia yake. Tidus anapata mbinu mpya kwa kurudia: akitumia Overdrive mara 10 anapata ya pili, mara 30 ya tatu, mara 80 ya mwisho, Blitz Ace. Ni mwanamichezo, anajifunza kwa mazoezi. Auron hafanyi mazoezi. Anajifunza unapokusanya matufe ya kumbukumbu yaliyoachwa njiani na Jecht, baba yake Tidus, yaani anakua kwa kukumbuka. Wakka anazipata kama zawadi za blitzball, mchezo wa mpira wa chini ya maji. Lulu anategemea kidole chako: zungusha kijiti cha kulia kwa kasi, kila mizunguko inaongeza idadi ya uchawi anaorusha. Kidole gumba changu kimeshaugua kwa sababu yake.

Kipimo kilichojaa hakipotei pambano likiisha. Ukiona tufe la kusevu na ukumbi mpana mbele yake, usitumie Overdrive kwa maadui wadogo waliobaki.

Aeon nimwite lini?

Aeon akiingia, kikosi kizima kinaondoka uwanjani na yeye anapigana peke yake. Kwa hiyo mwanzoni ni msaada, baadaye ni ngao. Bosi akiwa anajiandaa kwa pigo kubwa ambalo litawamaliza watatu, Yuna anaita Aeon, Aeon analipokea yeye. Amri ya Shield inampunguzia madhara. Boost inamwongezea madhara anayopokea lakini inajaza Overdrive yake haraka.

Nguvu zao zinafuata za Yuna pamoja na idadi ya mapambano uliyopitia, basi ukimkuza Yuna umewakuza wote. Watano, kuanzia Valefor wa Besaid hadi Bahamut wa Bevelle, utawapata kwa kufuata hadithi. Yojimbo, Anima na wale dada watatu, Magus Sisters, ni wa hiari na wanataka utafute.

Seymour Flux ameniua mara nne kwenye Mlima Gagazet. Nina upungufu gani?

Pengine huna upungufu wa nguvu. Ana HP 70,000, ndiyo, lakini anaua kwa mpangilio wa zamu, si kwa uzito wa mkono.

Tazama anachofanya. Anampiga mmoja wenu kwa Lance of Atrophy, ambaye anageuka Zombie. Kisha yule mwenzake wa nyuma, Mortiorchis, anamfanyia Zombie huyo Full-Life, uchawi wa uhai, na kwa Zombie uhai ni kifo. Kati ya matendo hayo mawili kuna pengo, na pengo hilo ndilo pambano lote. Mtibu kwa Holy Water ndani yake. Nunua za kutosha kabla ya kupanda mlima.

Sumu inamshika, na inakula HP nyingi kila zamu yake, kwa hiyo Bio ya Lulu ni tendo la kwanza kabisa. Aeon wako anawafukuza baada ya kuwaachia zamu moja tu. Hivyo njoo nao wakiwa wamejaza Overdrive, kila mmoja aingie, apige mara moja, afukuzwe kwa heshima. Ukiona tangazo kwamba Total Annihilation inaandaliwa, hifadhi Aeon mmoja wa kuipokea.

Na ndiyo, simulizi ndefu kabla yake hairukiki. Maneno yake nimeyakariri.

Na bosi Yunalesca je? Umbo lake la tatu linatuua wote kwa pigo la kwanza.

Kwa kuwa uliwatibu watu wako vizuri. Huu ndio mtego ninaoupenda kuliko yote kwenye gemu hii, ingawa siku ya kwanza niliirusha padi kwenye kochi.

Umbo la kwanza lina HP 24,000 na linajibu kila shambulio kwa kukupa upofu, ububu au usingizi. La pili lina 48,000, na linakugeuza Zombie, kisha linakuponya, na uponyaji unakuumiza. Kwa saa nyingi gemu imekufundisha kwamba Zombie ni balaa la kuondolewa upesi, nawe mwanafunzi hodari unawanyunyizia wote Holy Water. Umbo la tatu linafunguka, lina 60,000, na tendo lake la kwanza ni Mega Death, inayoua kila mtu ambaye si Zombie.

Basi acha wawili wakiwa Zombie umbo la pili linapokaribia kuisha. Watavuka, watawafufua wengine, na utaendelea. Mega Death itarudi tena baadaye kwa mzunguko unaoweza kuuhesabu, kwa hiyo siku zote awepo angalau Zombie mmoja mbele. Usimtibu kwa mazoea.

Nisimame mahali nikusanye AP kwa saa kadhaa kabla ya kuendelea?

Kwa hadithi kuu, hapana. Aliyezungusha watu wote saba na hakukimbia mapambano hovyo atafika mwisho akiwa sawa. Ukikwama kwa bosi, rudia kuisoma foleni kabla ya kurudi nyuma kusaga maadui.

Baada ya hadithi ni jambo lingine. Kuna uwanja wa majimwi kwenye Calm Lands ambako mwenye uwanja anakuuzia silaha za kukamatia, nawe unazunguka dunia ukikamata hadi kumi wa kila aina. Kisha anakutengenezea majimwi mapya ya kutisha, nawe unalipa ili kupigana nayo. Mmoja wao, Don Tonberry, ni maarufu kwa ujanja: vaa silaha yenye Overdrive→AP na Triple AP, mwache akupige, na kila maumivu yanageuka AP kwa makumi ya S.Lv. Inafanya kazi. Mimi nimeifanya mara moja na gemu ikawa haina ladha kwa wiki nzima, kwani wahusika wote saba huishia kuwa mtu mmoja mwenye nyuso saba. Uamuzi ni wako.

Wanaokwenda njia hiyo wanamlenga bosi wa hiari Penance, mwenye HP 12,000,000. Kabla yake unahitaji silaha za mwisho za kila mhusika, na masharti yake ni ya kijeuri: ya Lulu inataka ukwepe radi 200 mfululizo kwenye Thunder Plains. Ukikosea ya 199, unaanza moja.

Nimerudi Besaid kwa ndege na nimekutana na Dark Valefor. Siwezi kuingia kijijini!

Hawa Dark Aeon, yaani Aeon waliogeuka maadui, hawapo kwenye matoleo ya kwanza ya Japani na Marekani, wapo kwenye yaliyofuata, na wanakaa kwenye milango ya sehemu ulizopita. Kama ulisahau hazina ya hekalu la Besaid au la Macalania, inayohitajika kumpata Anima, sasa lazima umpige mlinzi kwanza. Ukisoma hili mapema: hazina za mahekalu chukua zote mara ya kwanza. Ukisoma umechelewa, pole. Safari yako ya kukua imeongezwa.

Wakati mwingine Tidus anapata amri ya Talk katikati ya pambano. Ina faida, au ni maneno tu?

Amri za aina hiyo zina faida karibu kila zinapojitokeza. Kule mji wa Luca, kwa mfano, kuna winchi kando ya uwanja: Lulu akiipa umeme mara tatu, inaweza kutumika kumbomoa bosi Oblitzerator na kumng'oa sehemu kubwa ya HP. Wanaopuuza hupigana naye mara tatu zaidi.

Talk yenye uzito kuliko zote ipo karibu na mwisho, kwa adui ambaye sitamtaja. Tidus akizungumza naye, kipimo cha Overdrive cha adui huyo kinarudi sifuri, na inafanya kazi mara mbili. Kwa hesabu ya foleni, umetoa zamu mbili ukanunua pigo ambalo halikuja. Niliimaliza gemu mara mbili bila kuigusa, kwa kuwa nilidhani mtu mwenye Strength kama ya Tidus wangu hana haja ya kuongea. Mara ya tatu nilimwacha aseme kwanza, na nikaisoma mistari yote bila kubonyeza kitu.